Hekta moja nje ya Lubumbashi: upande mikaratusi, upande akasia, au uache visiki vichipue?

Toka mjini kwa njia ya Likasi, ya Kasenga au ya Kipushi. Utapita mashamba ya mahindi, kisha nyasi ndefu zenye vijiti hapa na pale na vichuguu vikubwa kama nyumba. Nyasi hizo zilikuwa miombo. Miti ilikatwa, ikachomwa makala (mkaa, kama wanavyosema Watanzania), ikaingia mjini kwa baiskeli na kwa malori, gunia juu ya gunia. Leo mashirika, kampuni za migodi, parokia na wenye mashamba wanataka kurudisha miti kwa ajili ya hali ya hewa, na karibu kila mara mazungumzo huanza na swali moja: tununue miche mingapi?

Swali hilo linakuja mapema mno. Kabla ya kuhesabu miche, tembea hekta yako ukiwa na panga mkononi, uhesabu visiki vilivyo hai. Idadi hiyo ndiyo itakayochagua kati ya njia tatu tunazolinganisha hapa: shamba la mikaratusi (kaliptusi, kama wengi wanavyoiita), akasia zinazopandwa pamoja na mihogo au mahindi, na miombo inayoachwa ichipue yenyewe huku ikilindwa. Iko pia njia ya nne, kutokata pori lililobaki. Hiyo haina mche hata mmoja, ila tutaiweka kwenye mizani ileile, maana inazipita zote tatu.

Mizani yenyewe

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Wataalamu wa misitu hutumia 0.47. Kila tani 1 ya kaboni iliyomo ndani ya mti ilitokana na tani 3.67 za hewa ukaa iliyokuwa angani. Kwa hiyo ukijua shamba linaongeza tani ngapi za miti mikavu kwa mwaka, zidisha kwa 0.47, kisha kwa 3.67, umepata hewa ukaa iliyovutwa.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanaishia kwenye kasi. Ghala halipimwi kwa magunia yanayopita mlangoni. Hupimwa kwa yaliyobaki ndani. Shamba la mikaratusi linalokatwa kila mwaka wa 7 hujaa na kuwa tupu, hujaa na kuwa tupu, na wastani wa kinachokaa humo ni nusu tu ya kinachoonekana siku ya mavuno.

| | Mikaratusi | Akasia na mazao | Miombo inayochipua |
|---|---|---|---|
| Miche kwa hekta | 1,111 (mita 3 × 3) | 833 (mita 4 × 3) | hakuna, au ya kuziba mapengo |
| Miti mikavu inayoongezeka kwa mwaka | tani 8 | tani 6 | tani 1.7 |
| Hewa ukaa inayovutwa kwa mwaka | tani 14 | tani 10 | tani 3 |
| Mavuno | mwaka wa 7 | mwaka wa 8 hadi 10 | miaka 20 na zaidi, kwa kuchagua |
| Hewa ukaa inayokaa shambani | wastani tani 50 | wastani tani 40 | tani 60 mwaka wa 20, na bado inapanda |

Haya ni makadirio ya shamba linalotunzwa, na ni ya sehemu iliyo juu ya ardhi peke yake. Kwenye udongo wa changarawe, ambao tunao mwingi, mikaratusi inaweza kutoa nusu ya hapo. Angalia mstari wa mwisho wa jedwali. Mti unaokwenda polepole umeipita mikaratusi, mradi usikatwe na usiungue. Masharti hayo mawili ndiyo kazi yote.

Miombo: shamba ambalo limekwisha kupandwa

Miti mikubwa ya huku, yaani jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, haifi ikikatwa. Kisiki huchipua, mizizi ya kando huchipua, na chini ya nyasi kuna miche iliyokaa miaka mingi ikiungua na kuchipua tena. Chota udongo kwa vidole kuzunguka kijiti kinachokufikia kifundo cha mguu: ukikuta shina lake limevimba chini ya ardhi kama kiazi, huyo si mche wa mwaka huu. Ana mzizi wa miaka kumi au zaidi unaongoja nafasi. Hakuna pepinyeri (kitalu cha miche) itakayokuuzia kitu kama hicho.

Kuhesabu visiki kunafaa zaidi mwezi wa tisa na wa kumi. Miombo hutoa majani mapya kabla ya mvua, na majani hayo huwa mekundu kama shaba, hivyo machipukizi yanaonekana wazi kati ya nyasi kavu. Kisiki kisicho na jani, kwaruza gamba lake karibu na ardhi. Ukikuta unyevu na rangi ya kijani au nyekundu, ki hai. Ukikuta unga na njia za mchwa, kimekwisha.

Kinachoua visiki ni vitu vichache na vinajulikana. Trekta inayong'oa mizizi. Jembe linalorudi palepale mwaka hata mwaka. Tanuri la makala, ambalo joto lake huua mizizi yote chini yake na kuacha duara lisilo na mti kwa miaka mingi. Na moto wa mwisho wa kiangazi, ambao tutaurudia.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwezi wa tano, mvua zikiisha, paruza kinga ya moto ya upana wa mita 6 kuzunguka hekta, hadi udongo uonekane. Anza na upande wa kusini-mashariki, kwa sababu upepo wa kiangazi hutokea huko. Acha machipukizi yakue bila kuguswa kwa misimu miwili ya mvua. Ukiyapunguza mapema, kisiki kitachipua upya na umepoteza mwaka. Baada ya hapo chagua kwa kila kisiki machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka, yanayotoka chini kabisa karibu na ardhi. Yanayotoka juu ya kisiki hukatika na upepo kisiki kikioza. Mengine yakate kwa panga kali, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateremke. Pogoa theluthi ya chini ya yale uliyoyaacha, si zaidi. Matawi uliyokata yasogeze mbali na mashina, la sivyo umeupangia moto kuni.

Mapengo yenye upana wa zaidi ya mita 15 yanaweza kuzibwa, na hapa watu huanguka. Wanachukua mbegu za miti ya miombo, wanazitia kwenye sashe (vifuko vya plastiki) zenye udongo wa bustani, miche inaota vizuri, kisha inadumaa na kuwa ya manjano. Sababu ni mbili. Mizizi ya miti hii huishi pamoja na kuvu wa ardhini wanaoipatia fosforasi. Ni kuvu haohao wanaotoa uyoga tunaoula majira ya mvua. Udongo wa bustani hauna kuvu hao. Changanya angalau sehemu 1 kati ya 4 ya udongo uliouchota chini ya mti mzazi, sentimita 10 za juu. Sababu ya pili ni mzizi mkuu, ambao hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Ndani ya sashe fupi hugonga chini, hujikunja, na mti huo hautasimama imara maisha yake yote. Tumia sashe ya sentimita 30, au panda mbegu moja kwa moja shambani. Na usikate tamaa shina likinyauka kiangazi cha kwanza: ni kawaida ya miti hii kupoteza shina na kujenga mzizi kwanza.

Faida ambayo mizani ya kaboni haioni: pori hilo, hata likiwa changa, linarudisha uyoga, viwavi vinavyoliwa, masuku, asali na dawa. Kwa mama anayeuza uyoga kando ya barabara mwezi wa kwanza, hiyo ndiyo hesabu iliyo karibu zaidi. Mukula, mti wa mbao nyekundu, pia anarudi kwa kuchipua, lakini biashara yake imekuwa kali mno kiasi kwamba mti wowote unaofikia unene wa kuuzwa unahitaji mlinzi.

Mikaratusi: mashine ya kuni, si msitu

Tusiwe wanafiki kuhusu mti huu. Kwa wingi wa kuni kwa hekta, hakuna unaoufikia hapa. Ukiupa kazi yake, kutoa makala na miti ya kujengea, unaifanya vizuri na kulipunguzia pori mzigo. Ukiupa kazi ya kuwa msitu, unakuangusha.

Kitalu huanza mwisho wa mwezi wa nane, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikiwa imepita. Mbegu ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage kwenye trei, kisha hamishia miche kwenye sashe ikiwa na majani manne. Mchanganyiko wa sashe: udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga sehemu 1. Kwa hekta moja otesha 1,300, siyo 1,111, maana utahitaji ya kurudishia iliyokufa. Miche hiyo hunywa karibu ndoo 10 za lita 20 kila siku hadi mvua zianze, na kama kisima kiko mbali, hiyo ndiyo gharama yako kubwa, kuliko mbegu na sashe zote.

Mashimo ya sentimita 40 kila upande yachimbwe mapema. Mtu mmoja akichimba 50 kwa siku, hekta ni siku 22 za kazi. Usipande mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi, kwa sababu mara nyingi huja na kukatika wiki mbili au tatu. Ngoja hadi udongo ulowe kina cha sentimita 30, kwa kawaida mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na umalize kabla ya katikati ya mwezi wa kwanza ili mche upate miezi mitatu ya mvua.

Hapa kuna kosa dogo linaloua mashamba makubwa. Wafanyakazi wanaolipwa kwa idadi ya miche huona kutoa sashe kunawachelewesha, basi huipasua kidogo chini na kufukia yote. Mche hukua mwaka wa kwanza, hata wa pili. Mizizi inazunguka ndani ya plastiki kama kamba kwenye ndoo, na upepo wa mwaka wa tatu unaulaza mti. Dawa yake ni rahisi: mlipe mfanyakazi akileta sashe tupu, zihesabiwe jioni. Sashe 400, miche 400.

Mchwa ndio adui wa pili. Huja kiangazi, hula gamba usawa wa ardhi hadi wauzungushe mti, na wiki moja baadaye majani yote yamekauka. Huanza na mti uliodhoofika, wenye mizizi iliyojikunja au uliopandwa umechelewa. Usiweke samadi mbichi shimoni wala nyasi kavu zikigusa shina. Acha sentimita 20 wazi. Palilia duara la mita 1 kuzunguka kila mti, mara mbili kila msimu, kwa miaka miwili. Mikaratusi michanga hushindwa na nyasi, ingawa baadaye ni yenyewe itakayozishinda.

Ukivuna mwaka wa 7, kata kwa msumeno sentimita 10 hadi 12 juu ya ardhi, bila kuchana gamba. Kisiki kitakupa mavuno mawili au matatu zaidi kabla ya kuchoka.

Maji ndiyo lawama kubwa, na ina ukweli. Hekta ya miti inayotengeneza tani 8 kwa mwaka hunywa kwa kadiri hiyo. Juu ya kilima kikavu hutaona tofauti kubwa kijijini. Pembeni ya dembo (bonde la nyasi lenye maji) au juu ya chemchemi utaiona, na kina mama wanaochota maji wataiona kabla yako.

Akasia: kwa anayehitaji kula kwanza

Acacia auriculiformis ilitoka mbali, Australia na visiwa vya jirani, lakini ina ushahidi mkubwa ndani ya nchi yetu. Huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki mwa Kinshasa, hekta karibu 8,000 zilipandwa akasia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikagawiwa kwa familia zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Mzunguko wao: miti hukua miaka 8 hadi 12, hukatwa, hutolewa makala, matawi yaliyobaki huchomwa, moto huo huamsha mbegu zilizolala ardhini, na mahindi na mihogo hupandwa kati ya akasia zinazoota zenyewe. Jani la akasia linarudisha naitrojeni kwenye udongo, kwa hiyo mihogo haidhoofiki kama kwenye shamba linalolimwa mfululizo.

Mbegu zina ganda gumu. Chemsha maji, yaondoe motoni, yamimine juu yake (mbegu kikombe 1, maji vikombe 10), ziache zipoe humohumo hadi asubuhi. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia. Kuzichemsha motoni kunaziua.

Tofauti na Mampu ni kwamba huku kwetu kiangazi ni kirefu zaidi, miezi sita bila mvua ya maana, na moto ni mkali. Akasia ina gamba jembamba. Moto mmoja kabla ya mwaka wa 3 unafuta shamba zima, na tofauti na mikaratusi, haichipui vizuri ikikatwa chini. Ukitaka ichipue, acha kisiki cha nusu mita au zaidi. La sivyo tegemea mbegu.

Kwa familia yenye hekta 2 isiyoweza kungoja miaka 20, hii ndiyo tunayoipendekeza. Mstari wa miti hupaliliwa kwa sababu ya mahindi, na mti unaopaliliwa kwa ajili ya chakula huishi kuliko mti unaopaliliwa kwa ajili ya ripoti.

Moto huamua kabla ya mti

Upande wa pili wa mpaka, Ndola nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933. Vipande vya miombo viligawanywa: vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine mwisho wa kiangazi, vingine vikalindwa kabisa. Miaka mingi baadaye vilivyolindwa vilikuwa msitu uliofungamana, vilivyochomwa mapema vilibaki miombo, na vilivyochomwa mwisho wa kiangazi viligeuka karibu nyasi tupu. Udongo uleule, mvua ileile.

Maana yake kwako ni kalenda. Moto wa mwezi wa tano au mwanzo wa wa sita, nyasi zikiwa nusu mbichi, jioni, upepo ukiwa umetulia, huenda chini na kuacha machipukizi yanayofika kifuani. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi hupanda juu na kuua hadi kwenye gamba, wakati uleule majani mapya yanapotoka. Kama huwezi kuzuia moto kabisa, na wengi hawawezi, choma wewe mwenyewe mapema kwa vipande, ili wa wawindaji wa panya ukifika ukute hakuna cha kula. Kubaliana nao kwanza. Kinga ya mita 6 isiyo na makubaliano na chifu na majirani ni njia nzuri ya kupitia baiskeli, basi.

Babula yako (jiko la makala) iko ndani ya hesabu

Tuseme nyumba moja inatumia kilo 2 za makala kwa siku. Ni kilo 730 kwa mwaka. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 15 za makala kwa kilo 100 za kuni kavu, kwa hiyo nyumba hiyo imeteketeza karibu tani 4.9 za kuni. Kwa kasi ya tani 1.7 kwa hekta, inahitaji karibu hekta 3 za miombo inayochipua bila kupumzika, kwa nyumba moja. Kwa mikaratusi, hekta 0.6.

Sasa badilisha tanuri. Kuni zilizokaushwa mwezi mzima, zikapangwa juu ya vijiti vya kupitishia hewa, na bomba la moshi lililotengenezwa kwa mapipa, kama tanuri la Casamance, zinaweza kufika kilo 25 kwa 100. Nyumba ileile inahitaji tani 2.9, yaani hekta 1.7 za miombo. Iongeze babula iliyoboreshwa inayopunguza theluthi moja hivi ya makala, inashuka hadi hekta 1.2 hivi. Hujapanda mti, umeokoa zaidi ya hekta moja na nusu.

Hasara ya tanuri la kawaida huonekana kwa macho. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Kuni mbichi huchoma kuni nyingine ili zikauke. Moshi ukigeuka mwembamba wa bluu, makala yameiva, na kila dakika unayochelewa kuziba matundu unachoma makala yenyewe. Tanuri lililozibwa ovyo pia hutoa methani, gesi ambayo katika miaka 100 hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa.

Njia ya nne

Hekta moja ya miombo iliyokomaa ina karibu tani 35 za kaboni juu ya ardhi, sawa na tani 130 hivi za hewa ukaa. Ikikatwa, karibu yote inatoka katika msimu mmoja au miwili. Kwa tani 3 kwa mwaka, machipukizi yatahitaji zaidi ya miaka 40 kulipa deni hilo. Kwa hiyo mradi unaofyeka pori, hata lile linaloitwa "limeharibika", ili kupanda mistari iliyonyooka, umeanza na hasara kubwa kuliko faida yake ya miaka mingi. Tumekuwa tukiona mipango ya namna hiyo ikisifiwa kwa sababu mistari hupendeza kwenye picha.

Je, upandaji mkubwa unaweza kuiponya hali ya hewa ya dunia? Nchi yetu iliahidi kurudisha hekta milioni 8 katika mpango wa Afrika wa AFR100 ulioanza mwaka 2015, ambao lengo lake ni hekta milioni 100 kufikia 2030. Chukua hekta zote milioni 8 zifanikiwe. Zikiwa miombo inayochipua, ni tani milioni 24 za hewa ukaa kwa mwaka. Zikiwa zote mikaratusi, milioni 112. Dunia hutoa karibu tani bilioni 37 kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe, gesi na saruji. Ni chini ya nusu ya asilimia 1. Basi anayekuambia miche yako inafuta moshi wa viwanda vya mbali anakuuzia maneno. Lakini Kongo haitoi gesijoto nyingi kwa viwanda. Sehemu kubwa hutokana na kukata na kuchoma misitu. Katika deni letu wenyewe, miti si kitu kidogo.

Mahali ambapo jibu ni hapana

Dembo, lile bonde lenye nyasi na maji, halikukosa miti kwa sababu ilikatwa. Liache. Vilima vya shaba navyo vina maua na nyasi zisizopatikana kwingine duniani, na utupu wake wa miti ni wa asili. Eneo lililopigwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, lina udongo wenye asidi na metali. Mche utakaotiwa humo bila chokaa na mboji nyingi utakufa, na mahindi yakiota kati yake ni swali la afya.

Kuchagua

Kanuni tunayoitumia kazini: visiki na machipukizi hai zaidi ya 200 kwa hekta, usipande; weka fedha yote kwenye kinga ya moto na mlinzi. Kati ya 50 na 200, linda na uzibe mapengo. Chini ya 50, kwenye shamba lililolimwa kwa trekta au lililochoka, hapo ndipo miche ina kazi: akasia kama kuna familia inayolima, mikaratusi kama kuna mtu wa kuitunza miaka 2 na soko la makala au miti ya kujengea, mbali na maji. Mgawanyo mzuri kwa mwenye hekta 10 ni hekta 1 hadi 2 za mikaratusi karibu na njia ili wakataji wapate pa kukata, na zilizobaki miombo. Bila hiyo hekta ya kukata, miombo yako italindwa hadi siku mlinzi atakapoenda msibani.

Karatasi zisingoje miti iote. Ardhi ni ya Serikali kwa sheria ya mwaka 1973, na haki yako juu yake lazima iandikwe. Kijiji kinaweza kuomba msitu wa jamii hadi hekta 50,000, kwa amri ya mwaka 2014. Akija mtu na mkataba wa kaboni, tafuta mambo matatu kabla ya sahihi: unadumu miaka mingapi, nani analipa moto ukipita, na malipo ni kwa mche uliopandwa au kwa mti uliosimama. Kama ni kwa mche uliopandwa, omba kibadilishwe kifungu hicho: hesabu ya kwanza mwezi wa kumi na moja wa mwaka unaofuata, baada ya kiangazi kimoja kamili, na ya pili mwaka wa tatu, vipande 5 vya mita 20 kwa 20 vinavyochaguliwa kwa kura siku hiyohiyo, mwakilishi wa chifu akiwepo na kalamu yake.